Wakili wa Neno Moja

Jumatatu asubuhi mwuza sukari kutoka Sangailu aliingia ofisini kwetu Garissa, akakataa kiti, akasimama mlangoni na kunipa maneno ya dada yangu, aliyeolewa huko, kama alivyoyapokea. "Amesema tumbo limeshuka. Amesema mara hii uje. Mama hayupo, wewe ndiye aliyebaki." Kisha akaongeza la kwake: lori lake linarudi Alhamisi saa tatu asubuhi, na mbele, kando ya dereva, kuna nafasi ya mwanamke mmoja.

Dada yangu alikuwa amekwisha kuzika wawili. Wa kwanza alizaliwa hana uhai, wa pili aliishi siku tatu. Mara zote mbili aliyemshika mkono alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mwema lakini mgumu wa maneno. Mara zote mbili mimi nilikuwa Garissa nikilinda mashine. Mara ya pili nilipewa habari wiki nzima kabla, nami nikarudisha jibu kwamba haiwezekani, kazi hii haina mtu mwingine.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Ofisi yetu ilikuwa ya kuunganisha watu na jamaa zao. Mtu aliyekimbia vita Somalia akaangukia nchi ya mbali aliandika maneno machache, maneno yakafika Nairobi, yakaja kwetu kwa waya wa simu, nasi tukayasukuma kwa redio hadi kambi za Dadaab. Huko kijana wa redio aliyachapa, akayasoma kwa kipaza sauti mbele ya umati, na mwenye ujumbe akajitokeza kuchukua karatasi yake. Seva ilikaa kwenye kona yenye feni, imefunikwa shashi yangu kuukuu, kitambaa cha kichwani, kwa ajili ya vumbi. Mara mbili kwa siku, saa nne na saa kumi, redio ilipokuwa safi, mtu mmoja aliketi mbele ya skrini nyeusi, akaingia kwa jina la posta, akaandika amri ya kutuma. Mtu huyo alikuwa mimi.

Posta halikuwa jina la mtu. Lilikuwa jina lililotengenezwa ndani ya mashine kwa kazi hiyo tu. Aliyeingia kwa jina hilo aliweza kutuma, kusoma kila ujumbe uliosubiri, na kuufuta pia. Kabla yangu kulikuwa na kijana aliyetuma habari ya msiba kwa mama asiyekuwa mwenyewe, na tangu siku hiyo Nairobi waliweka sheria: neno la siri la posta lishikwe na mtu mmoja. Nililishika. Sikuliandika popote, sikumwambia yeyote, na sitadanganya, nililipenda. Garissa ile, msichana anayesubiriwa na ofisi nzima saa ya kazi inapofika hakuwa jambo la kila siku.

Mkuu wa ofisi, mtu wa bara mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alinisikiliza hadi mwisho nilipomwomba ruhusa. Akakuna kidevu. "Sasa madam, ukienda, nani atatuma hizi vitu? Hawa watu wanangoja. Si unajua vile wanakaa pale kwa jua?"

Nilijua. Nikamwambia atatuma karani wetu.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, Mborana kutoka upande wa Eldas, mjane, mwenye macho yasiyokosea jina. Kazi yake ilikuwa kukagua ujumbe kwenye ukurasa wa kompyuta yake, ukurasa nilioutengeneza mimi, na kuweka alama kwa kila uliokuwa tayari. Nilimwita eddo, kama sisi Wasomali tunavyomwita shangazi. Yeye aliniita intala, yaani binti, kwa lugha yao. Kwa kuwa yeye hakujua Kisomali changu vizuri wala mimi Kiborana chake, tuliongea Kiswahili siku nzima. Skrini nyeusi hakuitaka hata kuiona. "Hiyo ukigusa vibaya inakula kila kitu," alisema. "Mimi nipe hii yangu iko na picha."

Basi nia yangu ilikuwa hii: kwenye ukurasa wake wenye picha niweke kitufe kimoja cha kutuma. Abonyeze, ujumbe uende, nami niwe Sangailu. Nilikuwa na siku tatu. Nina kichwa kigumu, hilo sikatai, na mara hii nilikishukuru.

Shida ilijitokeza saa hiyohiyo. Ukurasa haukuendeshwa na karani wala na mimi. Nyuma yake kulikuwa na skripti, orodha fupi ya amri, na skripti iliendeshwa na jina moja dhaifu ndani ya mashine, jina nobody, maana yake si mtu yeyote. Wenye mashine walilifanya dhaifu makusudi, kwa sababu ukurasa unaonekana na kila kompyuta ya ofisi, na si vizuri kila apitaye awe na nguvu. Nobody hakuruhusiwa kugusa redio. Nilipobonyeza kitufe changu kipya Jumatatu jioni, mashine ilijibu kwa ufupi: hakuna ruhusa. Nikabonyeza tena kwa hasira, nikajibiwa vilevile.

Jumanne nzima nilisoma maelekezo niliyoyachapa kwenye printa ile ya kelele. Niligundua kwamba kuna alama unayoweza kuibandika kwenye programu, ukaiambia: yeyote atakayekuendesha, wewe jifanye ni mimi mwenye mali. Mimi mwenyewe, kwa jina langu, nilikuwa na ruhusa ya redio. Nikaandika programu ndogo, nikaibandika alama hiyo, nikaipa jina langu. Jumatano saa kumi eddo alibonyeza, redio ikaanza kukoroma, na ujumbe wote uliosubiri ukaenda. Alipiga kofi moja mezani. Mkuu alikuja kuangalia, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Haya, enda ukaone dada." Nilikwenda nyumbani, nikafunga nguo mbili, tende, na kipande cha kitambaa cheupe cha mtoto.

Alhamisi saa tatu nilikuwa ndani ya lori, begi mapajani, dereva anahesabu magunia, nilipoona gari la ofisi likija kwa kasi. Dereva wetu hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Mkuu anasema rudi. Kambini kumeharibika."

Nilitukana, kwa Kisomali, ili mwuza sukari peke yake ndiye aelewe. Kisha nikashuka. Lori halikuweza kunisubiri, na nililitazama likiondoka na nafasi yangu ya mbele ikiwa wazi.

Ofisini redio ilikuwa inaniita. Sheria ilikuwa tuseme Kiswahili hewani ili mkuu naye afuate, na kijana wa kambini, mkimbizi aliyejifunza Kiswahili hukohuko kambini na kuitamka p kama b, alikuwa amechoka. Aliniita walaalo, yaani ndugu, na kila zamu tuliifunga kwa "ofa", neno la redio la kumwachia mwenzako aseme. "Walaalo, kuna mzee anakataa kubokea karatasi yake. Nimesoma mbele ya watu, anasema hii si ya binti yake, hii ni ya watu wengine. Na wengine sasa wanamfuata, wanarudisha. Ofa."

"Kwani uliisoma vipi? Ofa."

"Kama iko juu ya karatasi. Nimesoma: inatoka kwa fulani, binti fulani, wa fulani. Hiyo ni wewe, walaalo. Majina yako yote tatu. Ofa."

Hapo nikalielewa kosa langu. Posta alipotuma, juu ya karatasi iliandikwa jina la ofisi, na chini yake jina la mwenye ujumbe. Programu yangu ilijifanya ni mimi, na mashine, kwa utiifu wake, ikaandika mtumaji ni mimi. Mahali pengine nadhani hakuna ambaye angeutazama mstari huo. Kwetu ndio unaosikilizwa kwanza. Ukimsomea Msomali jina la mtu, la babake na la babu yake, amekwisha kujua anatoka wapi, nani alimwoa nani, na nani alimwua nani. Yule mzee alisikia babu yangu, akajua ukoo wangu, na kati ya ukoo wangu na wake kulikuwa na damu isiyolipwa. Alikuwa amesubiri miaka saba kusikia kama binti yake yu hai. Alipoletewa habari hiyo kwa jina langu, aliiacha mezani akaondoka.

Nilikaa kwenye skrini nyeusi, nikaingia kama posta, nikatuma upya kila kitu. Saa tano kijana alirudi hewani kusema mzee ameitwa, amesomewa, ameomba asomewe tena, na tena. Nilifunika uso kwa ncha ya shashi yangu, nikalia kidogo, kwa aibu zaidi kuliko huruma. Kisha nikaiondoa ile alama kwenye programu yangu.

"Basi wacha tu," mkuu alisema kwa upole. "Rudi kwa ile njia ya zamani. Dada atasaidiwa na Mungu."

"Dada atasaidiwa na Mungu na mimi," nilimjibu. Aliangalia kando. Sikuwahi kumjibu hivyo kabla.

Nilimpigia simu fundi wa Nairobi, yule aliyeifunga seva. Alicheka. "Wee, mbona unajisumbua? Mpe root. Root ni mwenye nyumba, hakuna mlango anafungiwa. Dakika mbili umemaliza." Alisema kweli kuhusu dakika mbili. Nilikata simu, nikaweka vidole kwenye vibonye, kisha nikaviondoa. Kwa jina langu tu, nguvu ndogo, nilikuwa nimewafanya watu wakatae habari za watoto wao. Nikiupa ukurasa nguvu za mwenye nyumba, siku mtu atakapokosea mimi nitakuwa Sangailu na hakutakuwa na mashine ya kurudia.

Eddo aliniletea chai ya maziwa ya ngamia, akakaa. Aliniuliza kilichonikwamisha, nami nikamweleza jinsi nilivyoweza, bila maneno ya kitaalamu: kwamba nataka yule nobody asiye na nguvu aifanye kazi ya posta, lakini asiifanye kwa jina langu, wala asipewe nyumba nzima.

"Kwani hiyo si wakili?" akasema.

"Wakili gani, eddo?"

"Ya ndoa. Mimi wakati naolewa, bwana yangu alikuwa mbali, amepeleka ng'ombe soko ya Isiolo, mvua imefunga njia. Siku ilikuwa imepangwa. Akatuma binamu yake. Shehe akauliza yeye: wewe ni nani? Akasema mimi ni wakili ya fulani. Ametuma wewe useme nini? Ametuma niseme nimekubali huyu mwanamke kwa fulani. Mashahidi wawili wakasikia. Akasema hiyo maneno moja, kwisha. Ndoa ni ya fulani, si ya binamu." Akanywa chai. "Na hiyo binamu hakuwa mtu ya maana, intala. Mvivu, hana hata mbuzi. Lakini hakuna mtu aliogopa yeye, kwa sababu alipewa neno moja. Hakuambiwa auze ng'ombe. Hakuambiwa aingie kwangu ndani."

Nilimwangalia. Nikaangalia karatasi zangu. Kwenye kurasa nilizoziruka kwa sababu zilionekana ndefu kulikuwa na habari za programu iitwayo sudo, na nilipozisoma sasa zilisema jambo lilelile alilolisema eddo. Programu hiyo ina orodha yake. Ndani ya orodha unaandika nani anaweza kuwa nani, kwenye mashine ipi, kwa amri ipi. Asiyeandikwa anakataliwa, na kila anayejaribu anaandikwa kwenye daftari la mashine, akikubaliwa au akikataliwa, na hao ndio mashahidi.

Nilijikasirikia sana. Kurasa hizo zilikuwa kwenye droo yangu muda wote.

Mchana ule niliandika mstari mmoja. Kwa Kiswahili ulikuwa ukisema: nobody, kwenye mashine hii, anaruhusiwa kuwa posta, kwa amri hii ya kutuma peke yake, bila kuulizwa neno la siri. Niliondoa kwenye ukurasa kila kisanduku ambacho mtu angeweza kuandika kitu kikaingia ndani ya amri. Kilibaki kitufe, na kitufe hakina la kuongeza.

Saa kumi eddo alibonyeza. Hakuna kilichotokea. Hata sauti ya redio hatukuisikia. Nilituma kwa mkono, na yeye akanipa pole, nikamwambia asinipe pole. Jioni ile nililala nikiwa na hesabu moja tu kichwani, kwamba keshokutwa, Jumamosi, kuna pikapu ya miraa inayoshuka hadi Masalani na mara nyingine inaendelea hadi Sangailu.

Ijumaa asubuhi nilisoma daftari la mashine na kumwona nobody wangu pale, saa kumi kamili, amekataliwa. Kwenye orodha nilikuwa nimeiandika amri kwa jina lake fupi, na wakili huyu wa chuma alitaka aelezwe mahali pake pote, tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, asije mtu akamletea amri nyingine yenye jina hilohilo. Hapo nilimheshimu. Nikaandika njia nzima. Eddo akabonyeza saa nne, na redio ikakoroma.

Hatukushangilia. Tulingoja. Kijana wa kambini akaja hewani: "Nimebata kumi na nne. Juu iko jina ya ofisi. Ofa."

"Rudia juu. Ofa."

"Jina ya ofisi, walaalo. Wewe hauko. Ofa."

Baada ya sala ya Ijumaa nilikaa kwenye kompyuta ya eddo na kuushambulia ukurasa wangu mwenyewe. Nilijaribu kumfanya nobody asome ujumbe wa watu kwa jina la posta, akakataliwa. Nilijaribu afute, akakataliwa. Nilijaribu aongeze hata herufi moja nyuma ya ile amri, akakataliwa. Kila nilipokataliwa nilizidi kufurahi, na eddo akasema amewaona wagonjwa wengi lakini huyu ni mpya. Saa kumi alituma peke yake. Mimi nilisimama nje nikitazama ndege makorongo juu ya jaa, makusudi, nisiione skrini. Aliponiita kuniambia imekwenda, nilikuwa nimekwisha kufunga begi.

Pikapu ya miraa ilinibeba Jumamosi mchana kati ya magunia yaliyofunikwa kwa turubai mbichi. Tulilala Kotile kwa jamaa wa dereva, tukaondoka baada ya alfajiri. Njia ilikuwa na matope mahali pawili na mara moja tulishuka kusukuma, nami nilisukuma kama wanaume. Niliingia Sangailu Jumapili jua likiwa limepanda, gauni limejaa matope hadi magotini.

Mama mkwe wa dada yangu alikuwa mlangoni mwa nyumba. Alinitazama matope, akasema, "Alhamdulillahi. Msichana. Jana magharibi." Nikaketi palepale chini.

Dada yangu alikuwa amelala ubavu, uso umemkonda, mtoto kwenye titi. Mtoto alikuwa mwekundu, mwenye nywele nyingi, na alikuwa ananyonya kwa bidii. Nilimbusu dada kichwani, nikamwomba msamaha kwa kuchelewa, nikamweleza habari ya lori na mzee wa kambini. Alisikiliza akitabasamu kidogo.

"Sasa leo nani anatuma?" aliuliza.

Nikamweleza kitufe. Nilikieleza kwa fahari, naona aibu kuikumbuka: nobody na posta, na wakili wa eddo, na jinsi nilivyojaribu kuuvunja ukurasa ukakataa. Nilimwambia sasa ninaweza kukaa naye siku arobaini zote, na Garissa hakuna atakayejua kama niko au siko.

"Na kukitengeneza kulichukua muda gani?"

"Siku tano," nilisema. "Jumatatu hadi Ijumaa."

Alimgeuza mtoto upande wa pili, akamsubiri ashike. Nilisikia nilichokuwa nimekisema.

"Siku tano," alisema. "Ulipewa saba ile mara. Ukasema haiwezekani."

Ningeweza kumwambia kwamba wakati ule sikuijua hiyo programu. Lakini karatasi zake zilikuwa kwenye droo yangu hata wakati ule, na sikuwa nimezisoma kwa sababu sikuwa nikizihitaji. Nilipenda kuhitajiwa mimi. "Iliwezekana," nilimwambia. "Sikutaka mtu mwingine aguse."

Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto. Hakunipa.

"Nenda kwanza ukawasalimie wale wawili," alisema. "Halafu uje umshike huyu."

Nikatoka nje. Mama mkwe alikuwa anawasha moto, na ilinibidi nimuulize yeye walikozikwa, kwa maana mimi sikujua.